Bibi Kolumba na Shati la Beno

Usiku ule nililala na hasira, na mwenye kulala na hasira huota ovyo, kwa hiyo sikutegemea ndoto ya maana. Mchana tulikuwa kanisani na watoto wa komunyo ya kwanza, tukifanya mazoezi ya kupokea, maana kesho yake, Jumapili, ndiyo siku yenyewe. Mimi ni katekista, mwalimu wa dini, wa kigango chetu huku milimani, na kazi ya kusema nani yuko tayari na nani bado, padre ameniachia mimi. Nilimkataa Beno, mtoto wa dada yangu Agneta.

Beno si mtoto kwa umri, ndevu zimemwota. Ila akili yake ilisimama mapema, na maneno yake ni machache. Ukimuuliza nani aliyemuumba, hujibu, "Mama." Hilo ningelivumilia. Lakini mchana ule niliwagawia hostia, vile vimkate vya komunyo, ambazo hazijageuzwa kuwa Mwili wa Kristo, zile za kujifunzia, naye akaipokea yake, akaivunja, nusu akampa msichana aliyesimama nyuma yake. Watoto wakacheka. Nikamwambia Agneta pale pale mlangoni kwamba imani ni kujua unachopokea, na kujua jema na baya, na asiyejua hayo tusimtwishe sakramenti. Agneta alinipa mgongo. Alimshika mwanawe mkono wakaenda zao, na mgongo ule ndio ulionipandisha hasira.

Basi nikalala. Nikajikuta jikoni kwa Bibi Kolumba, aliyetulea mimi na Agneta, ambaye sala za maziko yake niliziongoza mwenyewe. Amekaa kwenye kigoda anamenya viazi. Sikuogopa. Nilijiuliza tu ni nani atakayekula viazi vingi namna ile.

"Kaa," anasema. "Na mimi nipe mtihani."

Nikakaa. "Nani aliyekuumba?"

Akatupa ganda la kiazi. "Sijui," akasema. "Wewe nani?"

Hapo nikatambua ni Bibi yupi. Hakuwa yule aliyetufundisha ishara ya msalaba kabla hatujajua kufunga vifungo. Ni yule wa miaka ya mwisho, aliyesahau kila kitu. Bibi yule alikuwa akificha vifaranga vya jirani ndani ya khanga na kuapa kuwa ni vyake. Mimi aliniita mwizi, tena mbele ya wageni. Ukimtajia Mungu, aliuliza kama naye amekuja kula.

Jiko limekuwa kanisa. Sikuona lilivyobadilika. Mabenchi yapo, juu yake pameanikwa buni, na Bibi amepiga magoti mbele yangu, kisu cha viazi bado kiko mkononi. Mimi nimeshika kile chombo kidogo ninachowapelekea wagonjwa komunyo. Anafungua kinywa, anangoja, kisha anakifunga.

"Mbona hunipi?"

"Hujajibu swali, Bibi."

"Kila Jumapili ulikuwa unaniletea kitandani. Nilikuwa nakujibu?"

Hakuwa akijibu. Nilimpelekea mpaka Jumapili yake ya mwisho, na haikunijia hata mara moja kumpima kwanza. Nikatafuta la kusema, kwa sababu katekista hakosi la kusema.

"Nilikupa kwa kuwa ulijua zamani."

Bibi anafuta kisu kwenye khanga, bila haraka yoyote.

"Basi Beno naye mpe kwa kuwa atajua baadaye."

"Baadaye lini? Yule hawezi kujua, Bibi."

"Mbona mimi, huko niliko, nimekumbuka?"

Nilitaka kubishana. Imani isiyo na akili ni ya kasuku, ndivyo ninavyofundisha, na sijaacha kuamini hivyo. Lakini nafungua kile chombo, na ndani mna kiazi kimoja cha kuchemsha, cha moto. Bibi anakichukua, anakivunja, nusu ananipa mimi, kisha ndipo anakula yake. Ndivyo alivyotulea sote nyumbani kwake: usitie kitu kinywani kabla aliye karibu nawe hajapata. Beno alikulia miguuni pake, na kabla hajajua kutembea alikuwa anamega ugali wake na kunyoosha mkono kwa aliye jirani. Nikasimama na nusu ya kiazi ikiniunguza vidole, nikaona aibu kubwa.

Tuko jikoni tena. Bibi amerudi kwenye kigoda chake.

"Mwambie Agneta afue lile shati jeupe," anasema, kisha anaendelea kumenya.

Nikaamka. Kulikuwa kumepambazuka na jirani anatwanga. Nilinawa uso, nikajiambia kwamba ndoto si ushahidi, na kwamba huenda ni dhamiri yangu tu iliyovaa khanga ya Bibi. Nikajiambia hivyo njia nzima mpaka kwa dada yangu.

Agneta alikuwa anafagia uwanja.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba," akaitikia, na ufagio haukusimama.

"Bibi kanijia usiku. Kasema ufue shati jeupe la Beno." Nikamsogelea. "Na mimi nasema aje. Atapokea na wenzake."

Ufagio ukasimama. Agneta hakucheka wala hakulia. Alinielekeza kwa kidevu kwenye kamba nyuma ya nyumba, na pale lilikuwa linaning'inia shati jeupe, limenyooshwa vizuri. Nikaligusa. Kola bado ilikuwa na unyevu.

"Nililifua jana," akasema. "Tulipotoka kule kanisani tulipitia kaburini kwa Bibi, nikakushtaki."