Kona ya Kushoto ya Pikapu

Waya ukianza kuungua hautoi moshi kwanza, hutoa harufu. Harufu nyembamba, tamutamu kwa mbali, ya plastiki inayoyeyuka, inayokaa kooni hata ukimeza mate. Juzi niliipata nyumbani kwangu kwenye plagi ya pasi, na mwanangu alinikuta nimekaa sakafuni nalia. Alidhani umeme umenipiga. Nikamwambia hapana, ni bibi yangu tu. Hakunielewa, na nyinyi pia hamwezi kunielewa bila kusikia habari yenyewe, basi nipeni masikio.

Bibi ndiye aliyenilea, kule Ikombe, maana mama yangu alifariki nikiwa sijaota hata meno. Alikuwa mfinyanzi. Vyungu vyake tulivivusha kwa mtumbwi hadi Lyulilo, na kutoka pale tulivipakia kwenye pikapu ya Bwana Hemedi kwenda kuuza Kyela mjini. Ilikuwa ile miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, kila mwenye duka akajiona ni mwenye magari. Bwana Hemedi alikuwa na duka Kyela, babu yake alitoka pwani, na Kiswahili chake kilikuwa kitamu mpaka sisi watoto wa Kikisi tulikuwa tunamjibu kwa kucheka tu. Pikapu yake ilikuja kuukuu, sakafu ya nyuma imeoza kwa kutu, akaitandikia mbao.

Kiti changu kilikuwa kwenye zile mbao, kona ya kushoto nyuma ya kabini. Vyungu vikishapangwa na majani makavu ya migomba katikati yake, Bibi aliniweka pale mwisho kabisa, chungu kikubwa kuliko vyote katikati ya miguu yangu ili kisigongwe. Kisha alikiinamia kila chungu na kukinong'oneza kwa Kikisi: fika mzima. Nilikuwa naona fahari kubwa, kama mimi ndiye mwenye gari.

Msimu mmoja pikapu ikaanza ugonjwa. Inakwenda vizuri, ghafla inakohoa, inazima. Abiria wanashuka. Vyungu navyo lazima vishushwe, kwa sababu hakuna mtu anayesukuma gari lenye vyungu, utavivunja vyote. Wanawake walivishusha kimoja kimoja, wakavipanga kandokando ya barabara. Kisha gari linawashwa, na linawaka! Fundi wa Kyela alibadilisha betri, akabadilisha plagi, akabadilisha koili. Kila akiletewa gari, limeshushwa mzigo, linanguruma kama jipya. "Gari zima hili, Bwana Hemedi," alisema. "Ulizia abiria wako."

Lo, abiria hawakungoja kuulizwa! Walikumbuka manong'ono ya Bibi juu ya vyungu. Walikumbuka kwamba vikishushwa gari linapona. Lisemwalo lipo, walisema, na kama halipo laja.

Sasa niwaambie jambo ambalo mimi nililijua peke yangu. Kila mara kabla gari halijakohoa, niliisikia ile harufu. Siku moja nilisimama kuangalia nyani wanaovuka barabara, harufu ikakatika na kikohozi kikakoma. Nikakaa, ikarudi. Nikainuka, ikaisha. Nilijaribu mara tatu, kwa uangalifu ambao leo fundi angenisifu. Lakini nilikuwa na miaka minane, na jibu nililolipata lilikuwa moja: mchawi ni mimi. Nimezaliwa nao, hata sijui.

Nilimwambia Bibi huku nalia. Alikuwa analainisha mdomo wa chungu kwa kipande cha kibuyu, na mikono yake ikasimama.

"Umemwambia nani?"

"Wewe tu."

"Basi iishie hapa. Usimwambie mtu. Hata mchungaji usimwambie."

Wiki iliyofuata Bwana Hemedi alimwita pembeni, kofia mkononi. "Bibi, mimi mambo haya siyaamini. Lakini abiria wanayaamini, na mimi bila abiria sina gari. Vyungu vyako siwezi tena." Nilitegemea Bibi awake, maana alikuwa mkali. Akasema, "Ndaga, mwanangu," akishukuru kama mtu aliyepewa zawadi. Nilimkasirikia sana kwa kukubali kirahisi vile.

Tangu hapo tulikwenda kwa miguu. Yeye na mzigo kichwani, mimi na vyungu vidogo nyuma yake, tope la masika hadi magotini. Mvua ya Kyela mnaijua, haikuombi radhi. Masika hayajaisha kifua kikambana Bibi, akawa anapumua kwa mluzi.

Bwana Hemedi alikubali kumpeleka hospitali, hilo sitamnyima. Majirani walimvusha kwa mtumbwi hadi Lyulilo. Nyuma ya pikapu kulikuwa na magunia ya mihogo mikavu na abiria wamejaa. Nilitaka kusimama, nikaambiwa kaa, mpakate bibi yako kichwa. Nafasi iliyobaki ilikuwa kona ya kushoto. Nikakaa. Hatujafika Ipinda, harufu ikaja. Gari likakohoa, likazima.

Kisha mwanamke mmoja akasema, "Leo vyungu havipo. Anayekuwepo siku zote ni huyu mtoto."

Bibi alifungua macho. "Mwacheni mtoto," alisema. "Ni mimi. Niteremsheni."

Na mimi, Mungu anisamehe, nilishusha pumzi. Kumbe ni yeye! Si mimi! Furaha ile naikumbuka vizuri kuliko sura yake.

Tukashushwa sote wawili. Gari likawaka. Bwana Hemedi aliapa kwamba atawafikisha wale na kurudi, na kweli alirudi mbio. Alinikuta nimekaa kwenye majani, mluzi wa kifua cha Bibi umekoma.

Haikupita muda pikapu ikazima tena, mzigo ni magunia ya mihogo tu, Bibi yuko kaburini. Safari hii Bwana Hemedi alileta hadi Lyulilo fundi mmoja wa umeme wa magari, jina lake Asajile, kijana mwenye dharau kidogo. Walipotaka kushusha mzigo akawapigia kelele: "Msiguse! Mgonjwa hapimwi akishapona!" Kisha akauliza nani alikuwa akipanda nyuma siku zile lilipoanza kuzima. Wakanisukuma mbele.

Nilimwonyesha kona. Akaingia uvunguni, akaniambia kaa. Nikakaa. Inuka. Nikainuka. Mara mbili tu, akatoka na grisi usoni. Ubao wa kona ulikuwa umepasuka upande wa chini. Mzigo ukizidi na mtu akiukalia ubao huo, unashuka na kuvuta waya wa pampu ya petroli, pale ulipowahi kukatika ukaungwa kwa kusokotwa tu. Ubao ukipanda, waya unagusana tena. Aliuunga upya, akaufunga utepe, na mhogo niliokuwa natafuna nilikuwa sijaumaliza.

Bwana Hemedi alikaa chini palepale kwenye vumbi.

"Sasa wewe mtoto," Asajile aliniuliza, "siku zote hizo unajua, mbona hukusema?"

"Nilisema," nikamjibu. "Nilimwambia Bibi."

Watu wanapenda kunitajia ile methali ya mficha maradhi. Huwa nanyanyuka nikaondoka, maana nilikuwa mtu mzima mwenye watoto wangu nilipoelewa Bibi alificha nini. Alikufa hajui habari ya waya. Alikufa anaamini kwamba mchawi ni mimi, na mbele ya watu wote akasema ni yeye.