Siku Rajabu Alipomwangusha Bingwa wa Farsta

Siku zetu zile, wenzangu mliokulia Farsta, pembezoni mwa jiji huku Uswidi, mtanishuhudia, mtoto haulizwi anacheza nini. Unafungua mlango, unateremka uani, mchezo unaukuta unakungoja. Theluji ikianguka tulijenga ngome, ikiyeyuka tulicheza na matope yake, na mama zetu walituita kutoka madirishani kila mmoja kwa lugha yake: huyu Kiswidi, yule Kifini, na wetu Kiswahili cha Tanga kilichosikika mpaka kituo cha treni. "Mwanaidi! Rajabu! Mnataka niwafuate?" Hakuna aliyetaka kufuatwa. Leo mjukuu wangu yuko chumba cha pili, na mama yake anamtumia ujumbe wa simu kwamba chakula tayari.

Sisi tulifika mwishoni mwa miaka ya sitini. Baba yangu, Mzee Athumani, alitangulia kuja kusomea umeme, akapata kazi, akatuita: mama yangu Bi. Zaina, mimi, na mdogo wangu Rajabu. Mimi shule haikunikaa kichwani. Nilimaliza kwa kusukumwa, nikaenda kufua mashuka ya hospitali. Lakini hadithi za Baba za Jumapili zimenikaa zote. Mama akipika wali kwa maziwa ya ng'ombe, akijidanganya kuwa ni tui, Baba anavua koti, anasogeza meza, anaanza. Na hadithi ilikuwa ile ile siku zote: ngumi za uzito wa juu, za zamani, kabla hata yeye hajazaliwa.

Anasema mabingwa wa kizungu wa wakati huo walikuwa hawapigani na mtu mweusi. Eti heshima ya mkanda haiwaruhusu. Na mweusi akibahatika kupewa pambano, basi mwamuzi ndiye mjomba wa mwenzake. Umpige mtu mpaka alale, utasikia kateleza. Halafu walizusha kwamba vichwa vyetu ni mawe lakini matumbo yetu ni maji, ukimgusa mweusi tumboni kwisha habari yake. Hapo Baba anajipiga tumbo kwa ngumi, pu! Mama anamwambia taratibu, umetoka kula.

Sasa kulikuwa na bondia mmoja mweusi aliyekataa upuuzi huo. Bingwa akimkimbia, yeye anamfuata. Nchi kwa nchi, meli kwa meli, bingwa akipigana na mwingine yeye anakaa kiti cha mbele anamzomea, mpaka bingwa mwenyewe akachoka akampa pambano. Kila Jumapili bondia yule aliongezeka urefu. Mwanzo alikuwa wa kimo cha Baba. Kufika Ramadhani alikuwa anainama kupita mlangoni. Na Baba alimaliza kwa maneno yale yale, kidole juu: "Mtu akikunyima pambano, mfuate! Mfuate mpaka choo chake!"

Watu wazima huwa wanasema tu. Hawajui kuna mtoto kakaa chini ya meza anayachukua kama maagizo.

Uani kwetu kulikuwa na vyuma vya kutundikia mazulia yapigwe vumbi, kila uwanja wa majengo ulikuwa navyo, na katikati ya vyuma hivyo ndipo palipokuwa ulingo wetu. Glovu zilikuwa za sufu, zile za baridi, tunazijaza soksi. Serikali yao ilikuwa imepiga marufuku ngumi za kulipwa, nasi watoto tukaona kazi ya kuendeleza mchezo imebaki mikononi mwetu. Bingwa alikuwa Lars-Göran, tukimwita Lasse, mtoto wa Tant Gunvor, yaani Mama Gunvor, wa mlango wa tatu. Mwenye ubingwa ndiye aliyeteleza wa kwanza kilimani kila theluji mpya ikianguka, kabla haijakanyagwa na yeyote. Na alivaa mkanda. Ulikuwa wa ngozi hasa, wenye misumari ya shaba, uliokuwa wa shingoni mwa mbwa wa mtunza jengo letu, farbror Östen, yaani Mzee Östen, ndugu yake Tant Gunvor. Mbwa aliitwa Ludde, alikufa mwaka tuliofika.

Rajabu alikuwa na miaka kumi na moja, mwembamba kama fito, lakini ana mkono wa kulia mzito. Aliutaka ule mkanda mpaka akawa anauota. Akaenda kwa Lasse, akaomba pambano. Lasse akamtazama, akasema, "Siwezi. Mjomba Östen kasema bingwa hapigani na mweusi. Ndiyo desturi ya ngumi."

Maana farbror Östen naye aliwahi kupigana ujanani, na alikuwa amesoma magazeti yale yale ya zamani aliyoyasoma Baba. Ila yeye alikaa upande wa pili wa ulingo.

Rajabu alirudi nyumbani, hakulia. Aliniambia, "Dada, namfuata."

Na akamfuata kweli! Lasse akienda dukani, Rajabu yuko nyuma ya rafu ya unga. Akienda kwa daktari wa meno, akitoka na shavu limevimba anamkuta Rajabu kwenye benchi. "Lini?" Lasse anaingia bwawa la kuogelea, anazamuka, mbele yake kichwa cha Rajabu. "Lini?" Wasichana wakaanza kucheka, Lasse ameota kivuli wakati wa baridi, hata jua hakuna.

Tatizo lilikuwa Tant Gunvor. Kila akichungulia dirishani anamwona Rajabu kasimama mlangoni pake kwenye baridi, basi akaamua mwenyewe kwamba mtoto huyu wa Kiafrika ana njaa. Nani mwingine angesimama hivyo? Anafungua mlango: "Maskini weee, njoo ndani." Anamkalisha jikoni, anampa maziwa na bulle, yale maandazi yao ya kuokwa yenye iliki. Na Mama alitufunza kwamba ukikaribishwa chakula kwa watu unakula, humtii mwenyeji aibu. Rajabu alikula. Alienda kudai pambano, akarudi amenenepa. Mama akaanza kumshika paji la uso, mwanangu hali tena ugali, ana nini?

Siku moja Lasse alitoroka, akaenda kwa bibi yake Vällingby, upande mwingine kabisa wa jiji. Mimi na Rajabu tukapanda treni ile ile, behewa la nyuma. Bibi yule alipofungua mlango akaona watoto wawili weusi wamesimama, wadogo, wenye adabu, wamevua kofia. Akaita, "Lars-Göran, wenzako!" Lasse akatokea, akatuona, akakaa chini kwenye zulia akapiga kelele: "Haya basi! Jumamosi!"

Baba hakuambiwa. Mama ndiyo kabisa. Jumamosi ikafika, theluji magotini, watoto wa majengo yote wamezunguka vile vyuma. Mwamuzi farbror Östen na kiko chake mdomoni. Rajabu akaninong'oneza, "Mwamuzi ni mjomba wake." Nikamwambia, "Baba alishasema." Tukaona kila kitu kinakwenda kama kwenye hadithi, tukafurahi. Wajinga sisi.

Lakini kabla ya hapo, Rajabu alipokuwa akiteremka, Tant Gunvor alikuwa ametoa bulle tanuri zima. "Maskini weee!" Nilimvuta mkono, nikamwambia sasa si wakati, utakula ukitoka ulingoni. Akanijibu, "Dada, kashanivutia kiti." Akala. Akaongezewa. Akala.

Raundi ya kwanza Lasse akawa anapiga tumbo tu, ndivyo alivyoelekezwa na mjomba wake. Rajabu hakutikisika. Raundi ya pili Rajabu akamtupia mkono mmoja wa kulia, sijaona mwingine kama ule mpaka leo. Lasse alikaa. Hakuanguka, alikaa, kama mtu aliyeona kiti. Macho yanaangalia mawingu. Farbror Östen akaanza kuhesabu kwa Kiswidi, kwa sauti ya mtu anayesoma kaburini. Moja. Mbili. Alipofika sita kiko kikazimika. Akatoa kiberiti. Njiti ya kwanza ikazimwa na upepo. Akatoa ya pili. Akavuta, akahakikisha moshi unatoka, ndipo akasema saba. Kufika hapo Lasse hakuwa amesimama tu, alikuwa ameshapangusa suruali.

"Kateleza," akasema farbror Östen. "Theluji."

Nilipiga kelele kwa lugha zote nilizokuwa nazo. "Hesabu gani hiyo? Kuna mtu anavuta kiko kati ya sita na saba?" Akanionyesha kidole nitoke ulingoni. Raundi ya tatu Lasse akaingia kwa nguvu zake zote, tumboni, pu! Na zile bulle za Tant Gunvor, jamani, zikatoka. Zikatoka na maziwa yake, juu ya buti za farbror Östen.

"Mnaona!" akasema yule mzee, mguu mmoja juu. "Tumbo la maji! Niliwaambia!" Akanyanyua mkono wa Lasse.

Tant Gunvor akafungua dirisha. "Östen! Mtoto katoka kula kwangu sasa hivi! Ni bulle zangu hizo!"

"Uamuzi ni uamuzi, Gunvor. Jikoni hakuhusiki."

Gunvor alikuwa dada yake mkubwa, lakini mzee hakumgeukia.

Basi tukampelekea Baba kesi. Tulikuwa na uhakika. Mtu anayelilia mabondia waliodhulumiwa kabla hajazaliwa, atafanya nini kwa mwanawe mwenyewe? Baba alisikiliza mpaka mwisho. Akasimama. Akavaa suti ya Idi na tai, akapanda ngazi za mlango wa tatu, ambako farbror Östen alikuwa akioshwa buti jikoni kwa dada yake. Mimi na Rajabu tukamfuata kimyakimya, tukatega masikio kwenye kile kitundu cha barua cha mlangoni. Tukamsikia Baba akianza kwa Kiswidi chake cha kazini: "Tangu ngumi zianze duniani, bwana, mtu mweusi..." Rajabu alinishika mkono akaubana. Halafu tukasikia Tant Gunvor: "Lakini keti kwanza. Kahawa?" Kiti kikavutwa.

Halafu kimya. Kimya kirefu cha watu wanaotafuna.

Baba alipotoka alikuwa na mfuko wa karatasi, joto unaliona, iliki inanukia ngazi nzima. Akakohoa. Akasema, "Tumeafikiana. Sare."

"Baba!" Rajabu akalia hapo hapo. "Baba umeuza pambano!"

Mama ndiye aliyefunga kesi, aliposikia kilichokuwa kikigombewa. "Mkanda wa shingo ya mbwa? Wa mbwa, Rajabu? Hata ungepewa na mfalme wao, humu ndani usingeingia." Hakujua kwamba mtoto alikuwa haombi kitu cha kuweka ndani. Alitaka anyanyuliwe mkono mbele ya watu. Theluji mpya ikaanguka, Lasse akateleza wa kwanza, na Rajabu akabaki juu ya kilima anaangalia miguu yake.

Jumapili iliyofuata Baba alivua koti, akasogeza meza. Rajabu akamwuliza kwa upole, "Baba, na yule bondia alipokwenda kulalamika, walimpa maandazi gani?" Baba akavaa koti lake. Hadithi ilipumzika mpaka majira ya joto.

Lasse na Rajabu walikuja kuwa marafiki, ndiyo, wamevua samaki pamoja na kusaidiana kuhama nyumba, lakini habari ile ilikuwa haitajwi. Rajabu aliendesha basi mpaka akastaafu. Tulimfanyia sherehe huko Tumba anakokaa, ukumbi umejaa, Watanzania, Wakenya, Wakongo majirani zake, pilau la kutosha. Lasse akasimama na glasi ya juisi, kichwa hakina unywele, kifaa cha kusikilizia sikioni. Akaongea Kiswidi polepole. Akasema, "Rajabu. Siku ile sikuteleza. Ulinipiga. Niliposikia sita nilikuwa bado sijui niko wapi."

Watu wakapiga makofi, hawajui wanapigia nini. Mimi nilikuwa nimeshasimama, kigelegele kiko kooni. Rajabu akanyanyua mkono, ukumbi ukanyamaza.

"Kaa, Lasse," akamwambia. "Wewe ulianguka unajua, nami nilikuangusha najua. Sisi wawili hatujawahi kugombana. Aliyesema umeteleza ni mjomba wako, na mjomba wako tumeshamzika. Sasa utanipa wewe kitu alichochukua yeye?"

Lasse akasema, "Basi turudie."

"Vua miwani," akasema Rajabu, anakunja mikono ya shati. Wazee wazima! Wifi yangu akamkalisha huyu, mke wa Lasse akamkalisha yule, wakaletewa pilau. Rajabu alikula sahani mbili, anapangusa macho, anasema pilipili. Pilau haina pilipili.

Siku hizi mjukuu wangu Neema anapiga ngumi. Msichana, ndiyo, kwenye klabu, ana kofia ya kukinga kichwa, glovu za dukani, daktari kakaa pembeni na waamuzi watatu mezani. Mambo mazuri, sisemi mabaya. Hakuna wa kumwambia tumbo lake ni maji. Juzi alipoteza kwa pointi, pambano ambalo kila mwenye macho aliona kashinda. Nikamngoja alie. Nikamngoja apige teke ndoo. Akateremka, akachukua simu, akajipiga picha na yule aliyempiga, wote wanacheka. Namwuliza, mama, hukudhulumiwa? Ananijibu Kiswidi, bila kuinua macho: "Lugnt, bibi." Yaani poa tu.

Poa! Sisi pambano la uani limetukaa miaka hamsini na zaidi, wao la ulingoni linaisha kabla jasho halijakauka. Pengine wamepona ugonjwa wetu. Pengine nao wana yao ambayo hawatuambii. Mimi nilisimama niende kwenye ile meza ya waamuzi, Neema akanivuta gauni, "Bibi, kaa chini, unanitia aibu."

Nikakaa. Lakini kabla sijakaa nilivisoma vile vibao vya vifuani mwao. Anders, Mirja na Tomasz. Ninao kichwani.