Njugu Zilizomenywa kwa Maji

Walisema sitawahi kumlisha binadamu mashudu. Hayo ndiyo maneno niliyopokelewa nayo Uriri, mwanzoni mwa miaka ya tisini, niliporudi kutoka India na diploma ya teknolojia ya mafuta na vyakula. Walisema na mengine. Kwamba mashine niliyokuja nayo itakuwa kiota cha kuku kabla ya mwaka kwisha. Kwamba mtu mwenye akili havuki bahari kwenda kusomea kukaanga. Muuza mabati mmoja pale sokoni, ambaye hata darasa la saba hakulimaliza, aliniuliza mbele ya wateja wake, "Omera, ndugu yangu, hiyo diploma ni ya kukaanga nini? Samaki ama mandazi?"

Wakacheka. Nami nilicheka, kwa sababu nilimhitaji anikopeshe mabati.

Neno hilo mashudu nalichukia mpaka leo. Kwetu watu walilijua kutokana na pamba. Mbegu za pamba zikishakamuliwa mafuta, makapi yake hupewa ng'ombe, na ni kweli kwamba hayo si chakula cha mtu, yana sumu yake. Lakini njugu si pamba. Ukikamua njugu safi, kinachobaki kwenye mashine ni kigumu kama kipande cha kigae na kimejaa protini kuliko nyama ambayo watu wa kijiji chetu waliila Krismasi peke yake. Ukikioka, ukakisaga, ukakichanganya na unga wa mtama na wa mahindi, unapata uji ambao mtoto akiunywa, nyama ya mkono wake inarudi. Niliyaona haya India kwa macho yangu. Kwetu mtoto akivimba miguu na nywele zikawa nyekundu kwa kula ugali mtupu, tulisema ana chira, tukaanza kutafuta ni nani katika ukoo aliyevunja mwiko. Mimi nilirudi na jibu. Hakuna aliyeniomba, na hakuna aliyenishukuru.

Benki haikutaka hata kuniona. Ilitaka hati ya shamba, na shamba letu lilikuwa bado limeandikwa jina la babu, marehemu. Kwa hiyo nilikopa kwa watu. Muuza mabati alinipa mabati ya banda. Akina mama wa kikundi cha kanisa walinipa akiba yao. Na baba mdogo, ndugu ya marehemu baba yangu, aliuza maksai wake ili nikaikomboe mashine bandarini Mombasa. Huyu ndiye aliyeweka sharti: deni lake likinishinda, mashine ni yake. Tulikubaliana nitamlipa mavuno yajayo. Tena, kwa kuwa alikuwa dalali wa njugu kule Ndhiwa, nitanunua kwake na si kwa mwingine. Nilikubali. Nilikuwa na hakika na kichwa changu.

Mafuta yalitoka siku ya kwanza nilipowasha injini. Ya dhahabu, yananukia mpaka barabarani. Waliotabiri kiota cha kuku walikuja na chupa zao kununua, bila hata kuona haya. Lakini mafuta hayakuwa ndoto yangu. Nilikuwa nimekwenda Homa Bay kumwona sista mmoja, mtawa aliyesimamia wodi ya watoto waliodhoofika katika hospitali ya misheni. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Aliniambia, "Lete unga. Nitaupeleka Nairobi upimwe. Ukiwa salama nitaununua kila mwezi. Usipokuwa salama, usirudi hapa na hadithi."

Nilimpelekea unga. Majibu yaliporudi aliniita ofisini, na hakunikaribisha kiti.

"Una sumu ya ukungu," akasema. "Nyingi. Mtoto mwenye ini dogo kama la hawa wa wodini, unataka nimpe hii?"

"Sista, mashine yangu ni safi."

"Sijasema mashine."

Nilitoka pale nikiwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo tena. Si hasira juu yangu. Mimi niliijua ile sumu kuliko yeyote kati ya ziwa na mpaka wa Tanzania. Nilifanya mtihani juu yake nikapasi vizuri. Ni sumu ya ukungu unaoota kwenye njugu iliyoonja maji baada ya kukauka. Kuchemsha hakuiui. Kuoka kunaipunguza tu. Na ukikamua, sehemu kubwa haiendi na mafuta. Inabaki kwenye makapi, yale yale niliyotaka kumpa mtoto. Swali lilikuwa moja tu: maji yaliingilia wapi, ilhali njugu zilivunwa na kukaushwa juani?

Sikumwambia mtu. Nilikwenda Ndhiwa asubuhi bila taarifa, hadi boma la baba mdogo. Nyuma ya ghala niliwakuta wanawake wameketi na marundo ya njugu zenye maganda. Mmoja alikuwa na kopo. Alichota maji kwenye beseni, akanyunyizia rundo, akalifunika na gunia, akahamia rundo la pili lililokwisha kulainika. Maganda yalipasuka kwa vidole bila sauti. Njugu zilizomenywa zikatupwa moja kwa moja ndani ya gunia, zikiwa bado na unyevu, gunia likashonwa.

"Mama, mnafanya nini?" niliuliza.

"Tunamenya."

"Na maji?"

Walitazamana. Yule mwenye kopo akasema, "Sasa umenye na nini, na meno? Ganda kavu linakula kucha. Wewe ulimenya lini mara ya mwisho, japuonj?"

Aliniita mwalimu, kwa kejeli. Mwenzake akadakia, "Mwache, huko India njugu zinamenywa na ndege." Wakacheka mpaka wakafutana machozi na kanga.

Hivyo ndivyo walivyomenya mama zao na bibi zao. Mbegu ya kupanda ilimenywa hivyo na ikaota, njugu ya kutafuna ilimenywa hivyo ikaliwa siku hiyo hiyo, na hapakuwa na shida. Shida ilianza gunia lilipokaa wiki nzima ghalani likisubiri lori. Nilipasua njugu moja katikati. Ndani, mahali nusu mbili zinapokutana, kulikuwa na vumbi la kijani. Baba mdogo alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Unakagua nyumba yangu?" akauliza.

"Baba, hizi haziwezi kuwa chakula cha mtoto."

"Wewe ulilelewa na nini? Baba yako alipokufa, uliikula njugu ya nani?"

"Yako."

"Ukafa?"

"Sikufa."

"Basi." Akageuka kwenda zake. Kwake shauri lilikuwa limekwisha. Tena maji yalikuwa na faida nyingine ambayo hakuitaja: gunia la njugu zenye maji ni zito, na dalali huuza kwa uzito.

Nilirudi Uriri nikafanya jambo ambalo bado wananisimulia kwalo. Nilichimba shimo nyuma ya banda, nikayamwaga makapi yote ya msimu ule humo, nikayachanganya na majivu na chokaa ili mbwa wasiyafukue, nikafukia. Ningeweza kuyauza kama chakula cha ng'ombe; wateja walikuwapo, na pesa nilizihitaji. Lakini sumu ile hupita hadi kwenye maziwa, na maziwa hunywewa na nani? Mafuta niliyokuwa nimebaki nayo nilimpa mtengeneza sabuni wa Migori. Kikongwe mmoja jirani alisimama kwenye ua wake akiniangalia nikifukia kwa jembe.

"Nyathina," akaniita, mwanangu, "kinachozikwa ni maiti. Chakula hakizikwi. Umeita njaa hapa."

"Nimeizika njaa, mama."

"Utaniambia." Akatema mate, akaingia ndani. Jioni hiyo soko zima lilijua kwamba yule wa India amerukwa na akili na anazika chakula.

Siku ya soko iliyofuata baba mdogo alileta magunia yake kama kawaida. Nilifungua la kwanza, nikatia mkono hadi kwenye kiwiko, nikausikia ule ubaridi. Nikalifunga.

"Sichukui."

Watu walisogea. Kwetu mtoto hakatai mkono wa baba yake hadharani. Hata ukipewa kibovu unakipokea, ukakitupe mbele ya safari. Nililijua hilo. Nilikataa hadharani kwa makusudi, kwa sababu ningekataa kwa siri angekana kwamba nilikataa.

"Rudia," akasema.

"Baba, sichukui njugu iliyomenywa kwa maji. Yako wala ya mtu mwingine."

Hakupiga kelele. Aliwaambia watu, si mimi, "Mmesikia. Pesa yangu inataka kurudi mvua ndefu ikianza. Si mavuno, mvua. La sivyo nachukua chuma changu." Kisha akanigeukia. "Na uone utakamua nini. Nani atakuuzia?"

Alikuwa amefikiri vizuri. Alizunguka Ndhiwa nzima, na kila mlango niliogonga ulikuwa umekwisha kugongwa. Wale akina mama wa kanisa walikuja kuniuliza kama ni kweli nimechanganyikiwa. Muuza mabati alipita kila asubuhi, akaangalia paa la banda, akahesabu mabati yake kwa sauti ili nisikie. Hadi leo sijui alifikiri yatapungua vipi.

Basi nilikwenda ambako mkono wa baba mdogo haukufika. Nilipanda baiskeli hadi bonde la Lambwe, ambako wakulima walikuwa na njugu ghalani na hakuna dalali anayewajali. Niliwaambia: sitaki mmenye. Leteni na maganda yake. Walidhani nawadanganya, nani ananunua maganda? Nilinunua kwa debe, si kwa kilo, ili asiwepo wa kunufaika na maji. Na nilipima kwa sikio. Njugu kavu ukiitikisa karibu na sikio inalia ndani ya ganda kama kayamba. Iliyo na unyevu inanyamaza. Walikuwa wakiniona nimesimama juani, nikitikisa njugu masikioni kama mtu anayesikiliza habari, na walinicheka, lakini zilizonyamaza walizirudisha nyumbani, na wiki iliyofuata walileta zinazolia.

Kumenya sikumpa mtu. Nilichora mashine ya mkono, fundi wa kuchomelea Migori akaiunda kwa chuma chakavu: unamimina juu, unazungusha, maganda yanavunjika makavu, upepo unayapeperusha. Mchoro ni wangu. Baadaye wengi waliuiga na wakasema ni wao. Wengine mpaka leo wanasema.

Unga ulipokuwa tayari nilirudi Homa Bay. Sista alinikumbusha, "Nilikwambia usirudi na hadithi."

"Nimerudi na unga."

Aliupeleka. Wiki zile za kungoja sikuzungumza na mtu, na wala hakuna aliyetaka kuzungumza nami. Majibu yaliporudi alinikaribisha kiti. Akaagiza unga wa mwezi ule na wa mwezi uliofuata, kisha akanipeleka wodini. Baadaye nilimwona kule mtoto mmoja wa kike, aliyekuwa hawezi hata kufukuza nzi usoni, amemshika muuguzi nguo akidai kikombe cha pili. Shule za misheni zikasikia, zikaagiza. Injini ikawa hailali.

Kuanzia hapo malipo yalikuwa suala la kupanga tu. Akina mama wa kanisa niliwalipa kwanza, kanisani, baada ya ibada, na mwenyekiti wao akaomba nafasi ya kuuza unga. Nikampa. Muuza mabati nilimlipa dukani kwake wateja wakiwepo.

"Kumbe ilikuwa mandazi," akasema.

"Kumbe," nikamjibu, nikatoka.

Baba mdogo alikuja mwenyewe, asubuhi baada ya mvua ya kwanza. Alikuja na mkokoteni wa maksai wa kukodi na vijana wa kunyanyua, wamebeba kamba na magogo ya kuviringishia mashine. Alikuwa amevaa koti lake la mazishi. Soko lilijua, lilikuwa limeacha kuuza ili lione.

Nilitoka na bahasha, nikampa kwa mikono miwili kama inavyotakiwa. Aliipokea. Alihesabu taratibu, akilowesha kidole mdomoni, na watu wote wakahesabu naye kimoyomoyo. Alipomaliza alianza upya. Mara ya pili nayo ikatimia.

"Imetimia, baba?"

"Imetimia."

"Karibu uji, basi."

"Nimekunywa chai." Akaitia bahasha ndani ya koti, akafunga vifungo vyote mpaka cha shingoni. Aliitazama mashine kwa muda. Ilikuwa inakamua, na haikumsubiri mtu. Kisha aliwaambia vijana wageuze mkokoteni. Mmoja akamuuliza nani atawalipa kwa kuja bure, naye akamwambia anyamaze.

Njia ilikuwa tope. Maksai waliupandisha mkokoteni mtupu polepole, magogo yakigongana ndani yake, na baba mdogo akifuata nyuma kwa miguu. Nilisimama mlangoni mwa banda langu hadi walipopotea kwenye kona. Sikudaiwa na mtu.