Lori la Kipriani Laenda Kuvua Msiba

Kasulu kuna mafundi, na kuna watu walioshika spana tu. Kipriani Nduwayezu alikuwa fundi. Hilo hata maadui zake walilikubali, na maadui alikuwa nao wa kujaza misa mbili za Jumapili. Ubaya wake ulikuwa ngumi. Ukimwuliza bei mara mbili, ngumi. Ukimsahihisha kazi, ngumi mbili. Wateja wake walijifunza kusema "sawa fundi" hata pale gari lilipotoka gereji likiwa na kelele mpya.

Sasa, baba yake, Mzee Nduwayezu, alivuka kutoka Burundi kwa miguu na jembe begani, akafa raia wa Tanzania mwenye lori aina ya Bedford. Si haba. Lile Bedford lilimzidi Kipriani umri. Lilibeba maharage ya Munanila miaka na miaka, mpaka injini ikafa, likasimama karibu na jiko la mama, kuku wakawa wanataga kwenye kiti cha dereva. Mzee alipokufa, wana wawili walilitazama lori moja kwa macho tofauti. Kipriani aliona lori. Kaka yake Niyonsaba, mnunuzi wa chuma chakavu kule Kibondo, aliona kilo.

Asubuhi moja Niyonsaba akafika na fundi wa kukata kwa gesi, mitungi miwili juu ya toroli. Kipriani alipotoka ndani, yule fundi alikuwa tayari juu ya boneti, anavaa miwani.

"Mshushe huyo," Kipriani alisema.

"Ashuke ili iweje? Hiki ni chuma cha baba, na mkubwa ni mimi," Niyonsaba akajibu. "Wewe endelea kukumbatia kutu, sha. Labda itakuzalia."

Kipriani alijibu kwa mikono. Alimdaka fundi gesi kifundo cha mguu akamvuta, jamaa akaja chini uso ukitangulia, akalibusu ringi la tairi. Meno mawili yakabaki pale. Niyonsaba akaokota spana kubwa akampiga mdogo wake nyuma ya sikio, ngozi ikafunguka kama ganda la ndizi mbivu. Wakashikana. Wakabingirika mpaka jikoni, wakaangusha chungu cha maharage, wakapigana ndani ya maharage ya moto, na hakuna aliyelia.

Mama yao, Immakulata, alikuwa anatwanga. Alikuja na mchi. Mkubwa alimpa wa mgongo, mdogo akampa wa goti. Katika kupiga, mama yule hakuwa na upendeleo.

"Baba yenu hajavuliwa msiba, nyinyi mnagawana mali kwa meno!" alifoka.

Kwao msiba haufi na mazishi. Kuna siku ya kuganduka, ndiyo siku ya kuvua msiba: ukoo unakaa, chungu cha pombe ya ndizi kinawekwa katikati, mirija inaingia, na mirija ikishaingia mali imeshapata mwenyewe. Baada ya hapo anayelalamika analalamikia ukuta.

"Sikilizeni, bana banje, wanangu," mama akasema, mchi bado juu. "Kuganduka ni Jumamosi ya tatu kutoka leo, Kibondo, kwa baba yenu mdogo Melkiadi. Mirija inaingia saa tisa. Lori likiwa limefika uani kwake kwa nguvu yake, ni la Kipriani. Likivutwa, likisukumwa, au lisipofika, Niyonsaba akate."

Niyonsaba akacheka, ubavu unamuuma. "Mawe! Mama wee, hata hao kuku hawawezi kulisukuma."

Wiki ileile Kipriani akaenda Nduta, ambako shirika moja la kambi ya wakimbizi lilikuwa likinadi magari yake yaliyogongwa. Akarudi na injini ya dizeli ya kisasa na gia boksi yake ya gia tano, vimefungwa kwa minyororo kama wafungwa. Msaidizi wake alikuwa Athuman, mtu mzima wa Ujiji, mpole, mwembamba, aliyejua difu kuliko sheikh anavyojua kisomo. Wakaanza.

Nyie mnaodhani kubadilisha injini ni kufungua na kufunga, njooni Kasulu muone vita. Injini mpya ilikuwa fupi, gia boksi ndefu, na chesesi ya Bedford haikumtambua yeyote kati yao. Kipriani alikata kiungo cha katikati kwa grenda, cheche zikamtoboa shati na kifua. Alichomelea vishikio vipya vya injini, vikakataa, akavivunja kwa nyundo, akachomelea tena huku anavitukana kwa Kiswahili na Kirundi. Siku ya nne mnyororo ukateleza, gia boksi ikamdondokea, kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kikabaki kimelala kama karatasi. Akakifunga kwa kitambaa cha kufutia oili akaendelea. Breki ya mkono iliondoka pamoja na gia boksi ya zamani, na muda wa kutengeneza nyingine haukuwepo.

Ikabaki difu, ile ya nyuma inayozungusha matairi. Ya zamani isingeihimili injini mpya. Kipriani akapata nyingine nzito kutoka kwenye lori lililoungua, ila vikalio vyake vya springi vilikuwa juu, na Bedford lilivitaka chini. Akaikodolea macho dakika moja. Kisha akaipindua juu chini, vikalio vikakaa mahali pake kama vilivyoumbwa, akapiga makofi.

Athuman akakohoa. "Kaka Kipriani, hii difu ukiipindua hivi..."

"Hivi nini?"

"Nasema tu, matairi yatazu..."

Ngumi ikafika kabla ya neno kuisha. Athuman alikaa chini, mdomo wa juu umepasuka, damu inatonea kwenye kopo la boliti. Akafuta mdomo, akazitazama boliti, akaanza kuzifunga. Hakusema tena kitu mpaka Jumamosi.

Jumamosi saa moja asubuhi Kipriani alikaa kwenye kiti, akawasha. Mngurumo ule, jamani! Majirani walitoka na mswaki mdomoni. Akakanyaga klachi, akatia gia ya kwanza, akaachia kwa mbwembwe.

Lori likaruka kinyumenyume. Likang'oa mti wa kuanikia nguo, likapita katikati ya banda la kuku, likaingia kwenye choo cha jirani ukuta ukaanguka wote. Namshukuru Mungu kwa niaba ya jirani kwamba alikuwa ametoka dakika hiyohiyo, mkanda haujafungwa. Manyoya yalikuwa bado hewani Kipriani aliposhuka na fimbo ya jeki.

Athuman hakukimbia. Alicheka mpaka mdomo ukatoa damu upya.

"Nipige," alisema. "Nipige unimalize. Ila nikifa, nani atakuambia kwamba sasa una gia tano za kurudi nyuma na moja ya kwenda mbele?"

Fimbo ikabaki juu. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Ukanyamaza!"

"Nilisema, kaka. Ukanijibu."

Majirani wote walisikia. Kipriani alitazama difu, akatazama jua. Kuifungua na kuipindua upya kulihitaji siku nzima. Akaitupa fimbo ya jeki. Hakuomba radhi, maana neno hilo hakuwahi kulinunua, lakini alimfungulia Athuman mlango wa abiria.

Walianza kwa ile gia moja ya mbele, yaani rivasi iliyogeuka. Injini ililia kama nguruwe anayechinjwa, lori likatembea mwendo wa mama mjamzito. Saa nne ndiyo kwanza wanaingia Makere, radiata inachemka, watoto wa shule wanawapita kwa miguu na kuwapungia. Walipozima injini kuongeza maji, ikagoma kuwaka tena: selfu ilikuwa imeungua. Bahati Kipriani alisimama kwenye mteremko. Akaachia breki ya mguu, lori likaserereka lenyewe, akaachia klachi, likashtuka. Sasa alijua hesabu yake: likizimika tena pasipo na mteremko, litasukumwa, na likisukumwa ni la Niyonsaba.

"Kwa mwendo huu tutafika kula makombo," Athuman alisema, kisha akajikinga uso kwa mkono, kwa mazoea.

Kipriani aliuona ule mkono. "Sikupigi. Sema."

"Geuza lori. Tunaingia Kibondo matako mbele, kwa gia zote tano. Mimi nasimama nyuma kwenye bodi, nakuwa macho yako. Lakini unafuata ninachosema. Nikisema kushoto ni kushoto."

Kipriani akashika usukani. Akageuza.

Basi lori likaishika njia ya zamani ya vumbi, kandokando ya lami, kinyumenyume, gia ya pili, ya tatu. Athuman kasimama kwenye bodi, kakumbatia nguzo, anapiga kelele: "Kulia! Kulia kidogo! Ng'ombe! Nyoosha!" Usukani wa Bedford hauna pawa, unashindana nao kama mtu. Mara mbili ulimkwepa Kipriani, ukamvunja kucha. Waligonga mbuzi mmoja na baiskeli moja isiyo na mtu. Darajani Malagarasi mwenye pikipiki aliyewaona wanakuja aliruka kwenye majani bila kuulizwa. Kipriani alikuwa haoni chochote ila kule alikotoka. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa anamsikiliza mtu.

Saa tisa kasorobo wakafika mteremko wa kuingia Kibondo, wenye korongo pembeni. Niyonsaba alikuwa anangoja na mawe, maana habari za lori linalotembea kama kaa zilimfikia kabla ya lori lenyewe. Jiwe la kwanza likavunja taa. La pili likampata Athuman juu ya jicho.

Kipriani alisikia sauti ikikatika. "Kulia kido..." Kisha hakuna. Akakanyaga breki kwa nguvu zake zote, mguu mwingine klachini.

"Athuman!"

Mlango ukafunguka, Niyonsaba akadandia kwenye kikanyagio, akampiga mdogo wake ngumi ya pua. Halafu ya jicho. "Shuka! Shuka tupigane kama wanaume!"

Mungu ndiye shahidi, hakuna kitu ambacho Kipriani alikitaka zaidi. Lakini akiinua mguu wa breki, lori lisilo na breki ya mkono lingekwenda korongoni na Athuman juu yake. Akiinua wa klachi, injini ingezima. Ngumi ya tatu ikampasua nyusi. Ya nne ikampelekea jino kooni. Akalimeza.

"Kushoto," sauti ikasema kule nyuma, ya mtu aliyelala kifudifudi. "Kushoto, kaka. Taratibu."

Kipriani akaachia breki taratibu, kisha klachi. Mikono yote miwili kwenye usukani. Niyonsaba ananing'inia mlangoni anampiga shingoni, masikioni, mdomoni, na Kipriani hakurudisha hata moja. "Nyoosha," Athuman akasema. "Geti hilo. Kulia. Kulia yote!" Damu ilimziba macho, hata mbele sasa hakuona, akaendesha kwa masikio tu. Wakang'oa nguzo ya geti. Wakavunja uzio wa matete. Watu wakakimbia na viti vyao, tairi la nyuma likapita juu ya chungu cha pombe, lita arobaini zikamwagika uani, na mirija ilikuwa bado mikononi mwa wazee.

Lori likasimama. Likazima lenyewe.

"Halikufika!" Niyonsaba alipiga kelele akihema, vidole vyake vimevimba. "Limekuja matako mbele! Mmeona wapi?"

Mzee Melkiadi, mwenye mji, akamtazama shemeji yake Immakulata. Mama alizunguka lori zima polepole, akagusa kila tairi.

"Mimi nilisema lifike," alisema. "Sikusema lielekee wapi. Ni la Kipriani."

Wazee wakaitikia, "Ego," yaani ndiyo. Ikawa imekwisha.

Kipriani alishuka. Watu wakaacha nafasi, wakijua kinachofuata. Akamsogelea kaka yake, akampiga moja tu, ya taya, na mlio wake ulisikika mpaka barabarani. Niyonsaba akakaa kwenye matope ya pombe. Kipriani akampita, akapanda kwenye bodi. Athuman alikuwa na shimo juu ya jicho, mfupa unaonekana.

"Hospitali," Kipriani alisema. "Lisukumeni liwake. Sasa ni langu, linasukumwa nipendavyo." Kisha akakumbuka. Jicho lake moja lilikuwa limefunga kabisa. "Nani anasimama nyuma?"

Hakuna aliyejitokeza. Nani apande lori la wendawazimu? Mama Immakulata akaokota nguzo ya geti iliyovunjika, akamwendea mwanawe mkubwa aliyekaa matopeni.

"Aliyetupa jiwe apande," alisema.

Niyonsaba alipanda ameshika taya. Vijana wakasukuma, injini ikashika, lori likaanza kurudi barabarani, na watu wa Kibondo wakasikia sauti ya mtu asiyeweza kufunga mdomo vizuri ikilia juu ya bodi:

"Kuhoto! Nimehema kuhoto, mbwa wewe!"

"Kushoto ipi, mwizi?"

"Kuhoto ya baba yako!"

Na Kipriani akakata kushoto.