Udongo Niliouchekecha

Shangazi yangu alikimbia vita kilimani Masisi na vitu viwili: sufuria moja, na mbegu za maharagi zilizofungwa kwenye pembe ya kitenge chake. Mume alikuwa ameshauawa, ng'ombe waliliwa na wenye bunduki, nyumba hakuna aliyejua habari zake. Mbegu zilikuwa za mama yake, na kabla ya hapo za bibi yake, nyeusi zenye doa jeupe, na kule kilimani hapakubaki mtu wa kuzipanda. Alitembea nazo kiunoni njia nzima. Alishikwa na njaa na hakuzipika. Nasema haya mapema ili msomaji asije akanionea huruma mimi.

Walimpa turubai kwenye kambi karibu na Munigi, juu ya mawe ya volkano, mahali ambapo ukitaka kuchimba choo unahitaji nyundo. Mimi nilikaa Majengo, mjini, mwaka wa mwisho wa chuo cha kilimo, kichwa kimenivimba. Juu ya kambi kulikuwa na shamba la mahindi la mzee mmoja mwenye mali, na vibarua wake walipulizia dawa ya kuua majani. Chini ya kambi kulikuwa na pango lililodondosha maji mwaka mzima. Gari la maji likikosa kuja, na lilikosa mara nyingi, watu walikunywa ya pangoni. Wakaanza kulalamika kwamba yana harufu. Mwenye shamba akamwomba mwalimu wangu apime, mwalimu akanitupia mimi, nami nikaifanya kuwa kazi yangu ya kumalizia chuo.

Hatukuwa na mashine ya kupima dawa ndani ya maji. Nikabuni njia, na mpaka leo naiona njia nzuri, hilo ndilo linaloniudhi. Nilichukua udongo wa lile shamba, nikaukausha, nikauchekecha kwa wavu, mawe nikayatupa, nikaushindilia ule laini ndani ya bomba la plastiki refu kama mimi. Juu nikamwaga dawa, kisha maji kila asubuhi badala ya mvua. Yaliyotoka chini nilinyweshea maharagi yaliyoota kwenye vikopo. Dawa ile haiyadhuru mahindi, lakini maharagi huyaua: majani ya chini huanza kuwa ya njano pembeni, halafu hukauka kama yameunguzwa. Maharagi yakifa, dawa imefika. Yangu hayakufa, yalinenepa. Nikachukua kasi ya maji ndani ya bomba, nikaiingiza kwenye kompyuta, na hesabu ikachora mstari wake: udongo utaishika dawa, nayo itaoza kabla haijafika popote. Kompyuta haikuniuliza mawe niliyatupa wapi.

Na mawe ndiyo Munigi yenyewe. Udongo pale ni blanketi jembamba juu ya lava iliyopasuka. Hakuna mto, hakuna dimbwi, mvua ikinyesha ardhi inaimeza papo hapo. Hayo nilikuwa nikiyaona tangu utotoni. Tena nilimwona kibarua mmoja akisuuza pampu yake ya mgongoni na kumimina masalio ya dawa kwenye ufa mkubwa kando ya shamba.

"Tunamwangaka humu, mbuzi zisikunywe," akanieleza. "Na batoto basiguse."

Vibarua wote wa pale walifanya hivyo, kwa moyo mwema kabisa. Nikaandika kwenye daftari kwamba ni watu waangalifu, nikaenda zangu.

Siku ya mkutano wa kambi nilisimama na mchoro wangu, mwenye shamba ameketi kando yangu. Shangazi aliinuka mbele ya wote. Aliniita papa, yaani baba, kwa kuwa nilirithi jina la baba yake.

"Papa, maji ile tukunywe ao tusikunywe?"

"Mukunywe, shangazi. Nilipima."

Akawageukia wenzake. "Munasikia? Mutoto ya kaka yangu alipima."

Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alitaka kusema neno, shangazi akamnyamazisha kwa jicho. Mimi nilifurahi. Niseme nini, nilifurahi sana.

Kwa sababu ya neno langu alifungua kitenge. Akapanda nusu ya mbegu kwenye gunia la udongo mbele ya turubai lake, akazinyweshea maji ya pangoni. Zikaota vizuri. Baada ya wiki chache akaniita nikaone, nikakuta majani ya chini yamekuwa ya njano pembeni.

Nilijua pale pale. Miezi mizima nilikuwa nimeinamia vikopo vyangu nikiisubiri rangi hiyo hiyo. Nikaukumbuka na ule ufa, na pango lililo chini yake. Lakini siku sita tu zilibaki nitetee kazi yangu mbele ya walimu, na mwenye shamba alikuwa ameahidi kuja kukaa mstari wa mbele.

"Unanyweshea sana, shangazi," nikasema. "Ninyi ba kilimani hamujue kulima mu gunia." Hata nikacheka.

Yeye hakucheka. Akafungua pembe ya kitenge, akanionyesha mbegu zilizobaki, konzi moja tu.

"Na hizi nipande? Na maji ile ile?"

"Panda. Ila maji kidogo."

 Kisha akazipanda zote mbele yangu, moja moja, akizizamisha kwa kidole.

Nilitetea kazi yangu, nikapigiwa makofi. Wiki iliyofuata nikachota bidoni moja ya maji ya pangoni, nikanyweshea vikopo vyangu, na maharagi yakawa ya njano. Nikampelekea mwalimu. Akasema kazi imeshapita, tusichokoze. Nilikubali haraka, aibu yangu hiyo. Zile mbegu za mwisho nazo zilikufa.

Siku nilipopata moyo nilinunua maharagi ya mbegu sokoni, nikampelekea shangazi. Nikamweleza bomba, mawe, ufa, kila kitu. Nikamwambia kwamba siku ile nilipoona majani nilijua.

"Na mimi nilijua," akasema. "Nilianza kulima maharagi mbele wewe uzaliwe. Maji mingi inaozesha mizizi, haichomi majani ku pembeni. Nikaambia batu baache maji ile. Balinicheka. Balisema, mutoto ya kaka yako alipima."

"Sasa juu ya sababu gani ulipanda zile za mwisho?"

"Juu nione kama utanikataza."

 Akachukua maharagi yangu ya sokoni, akayamwaga yote ndani ya sufuria yake, ile ile ya Masisi, akaongeza maji kutoka kwenye bidoni na kuyainjika motoni. Tulikaa mchana kutwa, moshi ukituumiza macho.

"Kesho utasimama pale ulisimamaka, uwaambie batu," akasema yalipoiva. "Leo kula."

Akanipakulia sahani ikajaa. Yeye hakujipakulia. Sikuuliza maji yale ameyachota wapi. Nilikula mpaka nikamaliza, naye akinitazama.