Betri Niliyoipeleka Kolwezi

Nilifunga safari kwa sababu ya sakafu. Mama Ngalula, dada mkubwa wa mama yangu, alinipigia simu kutoka Kolwezi. Mkwe wake Kazadi, mume wa binti yake, alitaka kuvunja sakafu ya sebule achimbe kobalti chini yake, kama walivyokwisha kufanya majirani. Mama Ngalula hakuwa amekubali wala kukataa. Alitaka kwanza nije mimi, fundi wa sola wa Sandoa, niseme kama betri za magari ya umeme zitaendelea kuihitaji kobalti. Katika nyumba hiyo alishafukuzwa mara moja, miaka ya tisini, watu wa asili ya mkoa wa Kasai, kama yeye, walipopakiwa kwenye mabehewa wakaambiwa warudi kwao. Kwao gani, na yeye alizaliwa Kolwezi? Alirudi baadaye, akahangaika mpaka akaipata tena.

Sandoa, alfajiri. Nilifunga kwenye pikipiki betri moja ya aina mpya, ya chuma na fosfeti, isiyo na kobalti hata punje. Nilitaka waione kwa macho yao. Ilihitaji wanaume wawili kuiinua, na dereva alininunia mpaka Kasaji.

Kutoka Kasaji nilipanda lori la mihogo. Mwanamke mmoja juu ya magunia aliniuliza, "Tata, unabeba jiwe?"

"Batri," nikamjibu.

"Basi ni batri ya kubebwa, haiko ya kubeba mutu."

Walinicheka hadi Mutshatsha, nami nikacheka nao.

Kolwezi, siku ya pili, mchana. Mtaani kwa Mama, karibu kila ua ulikuwa na turubai, na chini ya turubai shimo. Mama alikuwa nyuma ya nyumba akisonga bukari, ugali wetu, kwa hiyo Kazadi aliingia kunisaidia. Tuliitua betri katikati ya sebule, juu ya duara la chaki alilochora mwenyewe, mahali pa kuanzia kuchimba. Mama alipoingia na sahani, Kazadi alitoka mbio. Kwetu mkwe hakai chumba kimoja na mama mkwe, haongei naye uso kwa uso, wala hagusi kitu chake bila ruhusa yake. Alikaa nje chini ya dirisha, mgongo ukutani.

"Shemeji, ambia mama," alisema, "bote banachimba. Tukikawia, bei itaanguka tena."

Mama alinitazama. "Sema, mutoto yangu."

Nikasema ukweli. Magari mengi sasa yanatembea kwa betri kama hii. Inadumu, na haishiki moto upesi. Lakini kwa nguvu ile ile ni nzito zaidi, basi gari la kwenda mbali mara nyingi bado linataka kobalti. Betri za chumvi, yaani za sodiamu, nazo zinakuja, ila ni kubwa zaidi.

"Basi haujue," alisema Mama.

"Sijui, mama."

Niliona aibu. Barabara yote ile, kuja kusema sijui!

Mama alikula matonge mawili. "Na chuma ya hii batri, banachimbaka mu saloni ya nani?"

Saloni ndiyo sebule, nami nikaitazama sakafu yake.

"Unanipatia?"

"Ni yako, mama."

"Basi ni yangu. Ikae pale pale."

Nje, Kazadi akaguna. Betri sasa ilikuwa kitu cha mama mkwe, nayo ilikalia duara lake; kutuma mtu aiondoe kungekuwa sawa na kuiondoa mwenyewe.

"Shemeji," alisema, "umeniua."

"Tuliibeba wote wawili," nikamwambia, na nikamsikia Mama akicheka mpaka akakohoa.

Kesho yake nilimfungia paneli juu ya bati, nikashika njia ya kurudi. Lorini nilikaa kwa raha, mikono mitupu.

Sandoa sasa. Mama amenipigia simu: taa inawaka, sakafu ni nzima, na kila jioni Kazadi anamtuma mkewe aombe simu yake ichajiwe. Wateja wangu wakiniuliza kasoro ya betri hizi, zamani nilijibu haraka kwamba ni nzito. Siku hizi nawauliza kwanza wanataka kuziweka wapi.