Majivu Kwenye Shimo la Maji

Asnath wa Rungwe Mpya, mama yake Obedi, hakuwahi kumwamini mtu, na kiangazi kile ndiyo kabisa. Nyanya zake kule bondeni zilikuwa zinalegea kila ikifika saa sita mchana, majani yamejikunja kama masikio ya mbuzi mgonjwa. Ng'ambo ya mfereji, kwa Niyonsaba, nyanya zimesimama, za kijani, zinajidai. Jua ni lile lile, bonde ni lile lile. Sasa?

"Ananiibia maji," Asnath akasema.

Kila mmoja alikuwa na shimo lake la maji, na la Asnath lilikuwa linakauka kila mchana. Na mwenyekiti Dionis alishatangaza: bonde ni la kijiji, mwenye bustani iliyokauka ananyang'anywa, apewe mwingine. Ijumaa angepita kukagua. Bustani ile mama yake Asnath aliilima mpaka anazikwa. Inyang'anywe mbele za watu, halafu labda apewe Niyonsaba, ambaye wazazi wake walitoka Burundi na mabunda kichwani? Bora afe.

Na kosa lake hakuliona. Bustani yake ilikuwa safi kama ua wa siku ya harusi. Kila asubuhi anafagia matuta, hata jani moja hulioni, udongo mtupu. Mchana nyanya zikilegea, anazimwagia ndoo juu ya ndoo. Kwa Niyonsaba je? Uchafu mtupu. Nyasi kavu, maganda ya maharage, kila takataka imejazwa katikati ya mistari ya mboga.

"Mvivu yule," Asnath alikuwa akiwaambia watu. "Hata kufagia kunamshinda."

Jioni moja akamwaga majivu kuzunguka shimo lake, apate nyayo za mwizi. Asubuhi majivu yako vile vile, na shimo limejaa. Mwingine angeona aibu. Asnath akasema, "Kajua nimemtega." Mchana shimo likakauka tena, na aliyeshika ndoo ni yeye mwenyewe.

Basi kama si wizi, ni dawa. Kesho yake kulipopambazuka akavuka mfereji, akapiga magoti kwenye tuta la Niyonsaba, akapenyeza mkono chini ya zile nyasi kutafuta pembe au hirizi. Akagusa ubaridi. Udongo mbichi, mweusi, unashikana kiganjani. Akachimba zaidi. Akakuta nyungunyungu.

"Mwakeye, Mama Obedi. Umepoteza kitu?"

Niyonsaba huyo nyuma yake, jembe begani, anamsalimia kwa Kirundi chao.

"Umefukia nini humu?"

"Nyasi."

"Usinifanye mtoto mimi!"

"Kwani kwenye migomba yako nyumbani unaweka nini?"

"Majani makavu. Nani asiyeweka?"

"Ya nini?"

"Si ili chini pasikauke..." Mkono bado umo kwenye nyasi za watu.

Niyonsaba akacheka mpaka jembe likamtoka begani. "Mimi namwagia jioni, jua limeshatulia. Maji yanalala humo humo. Wewe mama unalinywesha jua."

"Na miaka yote hii umeniangalia tu!"

"Ningekwambia, ungesema nimekuroga."

Na kweli, Asnath angesema.

Akaondoka bila kuaga. Akaenda kuokota majani makavu chini ya migomba yake, akayashusha bondeni mzigo kwa mzigo, akayatandaza. Ufagio akautupa kichakani. Jioni ndiyo akamwagia.

Ijumaa Dionis akapita. Mistari miwili ya pembeni ilikuwa imeshakufa, hapakuwa na la kufanya tena. Iliyobaki imeinua vichwa.

"Mama Obedi, siku hizi hufagii?"

"Pita njia yako."

Bustani ikabaki yake.

Niyonsaba hakupewa asante, wala hatapewa. Akisalimia, Asnath anakohoa. Na kila jioni, akishamaliza kumwagia, bado anamwaga majivu kuzunguka shimo. Mtu anayejua kuyatunza maji namna ile, anasema, lazima kuna mahali alikoyatoa.